Kiu ya Gari la Mbio

Katika mwaka 2014 kila Corvette mpya iliyouzwa Marekani ilibandikwa karatasi kiooni kwa amri ya sheria. Katika karatasi ya gari lenye gia za mkono mliandikwa tarakimu mbili, 17 na 29. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya maili ambazo gari lingekwenda mjini kwa galoni moja ya petroli, na ya pili hesabu ya maili zake katika barabara kuu. Aliyezoea lita na kilomita ataielewa vyema hesabu hii akiambiwa kuwa ni lita 14 hivi kwa kila kilomita 100 mjini, na lita 8 hivi katika barabara kuu. (Galoni ya Marekani ni lita 3.8 kasoro kidogo. Haifai kuchanganywa na ile ya Kiingereza iliyotumika Afrika Mashariki zamani, ambayo ni lita 4.5 na zaidi. Wengi wamejisifu au wamelia bure kwa kutoitofautisha.) Gari lenyewe lilikuwa na injini ya lita 6.2, silinda nane, na nguvu za farasi 455. Lori refu la mizigo huvuta tani nyingi kwa nguvu kama hizo. Hapa zilipewa watu wawili na mabegi yao.

Mtu asiyeyajua magari haya akisoma ile 29 hushuku uongo. Mwenye gari naye, akirudi nyumbani Jumapili jioni baada ya kulikimbiza katika vilima, akapiga hesabu ya petroli aliyotia, hushuku uongo vilevile. Walakini tarakimu hiyo yaweza kupatikana. Wako watu waliokwenda safari ndefu katika barabara zilizonyoka, kwa mwendo wa kawaida, wakaifikia na hata kuipita. Jambo ambalo karatasi haikusema ni hili, kwamba katika gari la namna hii umbali uliopo kati ya kiasi kidogo kabisa cha petroli na kiasi kikubwa kabisa ni mkubwa kuliko katika gari lolote la kwenda nalo kazini. Gari dogo lenye nguvu chache halimpi dereva mkali kitu kikubwa cha kumwaga. Gari la mbio humpa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kutazama petroli huliwa na nini. Mlaji mkubwa katika mwendo wa kasi ni upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo unaolizuia gari huzidi mara nne. Hapo gari la mbio lina heri yake, maana ni fupi kwenda juu, kifua chake ni chembamba, na umbo lake hulainisha njia ya hewa. Mlima wa bati unaoitwa gari la familia siku hizi hauna heri hiyo. Tuseme gari ni la kilo 1,500, na injini yake yageuza robo ya joto la petroli kuwa mwendo. Likienda kilomita 100 kwa saa bila kusimama, upepo na matairi pamoja huhitaji kati ya lita tano na sita kwa kila kilomita 100. Gari lilelile likienda kilomita 200 kwa saa huhitaji zaidi ya lita 15 kwa umbali uleule. Hakuna aliyedanganywa na kiwanda hapo.

Mlaji wa pili ni breki, ingawa wengi hawamhesabu kwa kuwa yeye hashiki petroli kwa mkono wake. Kila gari hilo linapofikishwa kilomita 100 kwa saa, kisha likasimamishwa, mwendo wote ule hugeuka joto katika vyuma vya breki na kupotea hewani. Mara 14 za kukimbiza na kusimamisha hivyo hula lita nzima, mbali na ile ya safari yenyewe. Barabara ya milimani yenye kona, ambayo ndiyo humfanya mtu anunue gari la mbio, ni kukimbiza na kusimamisha tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aweza kwenda huko kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, mwendo wa adabu kabisa, akatumia petroli mara mbili ya yule aliyempita kwa kasi katika barabara kuu.

Zaidi ya hao kuna injini yenyewe. Injini kubwa inayotakiwa kazi ndogo ni kama jiko la arusi linalowashwa kwa kikombe kimoja cha chai: joto jingi huenda bure. Ndiyo sababu mafundi wa Corvette walilipa gari hilo gia ya juu ndefu sana. Katika Corvette iliyotoka mwaka 1997, yenye injini ya lita 5.7, gia ya sita iliiacha injini izunguke mara 1,500 hivi tu kwa dakika katika mwendo wa barabara kuu. Injini iliyozunguka polepole hivyo ilivuta hewa bila kujibana sana, na gari likapata sifa ya kula kidogo safarini. Wenye hiyana walisema gia hiyo ilitiwa kwa ajili ya karatasi. Huenda walisema kweli nusu, lakini aliyesafiri nalo siku nzima alijua faida yake kila aliposimama kutia petroli.

Hila iliyotiwa hasa kwa ajili ya karatasi ilikuwa nyingine, na habari yake yastahili kuelezwa kwa kituo. Nchi za Kiarabu zilipoikatia Marekani mafuta mwezi wa Oktoba 1973, taifa lile lilishikwa na hofu. Mwaka 1974 mwendo wa barabara kuu uliwekewa mpaka wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kutoza kodi magari yenye ulafi wa petroli. Viwango vilivyowekwa mwaka 1991 vilianzia dola 1,000 kwa gari lisilofikia maili 22.5 kwa galoni katika kipimo cha maabara, vikafika dola 7,700 kwa lisilofikia maili 12.5. Basi kiwanda kilichouza gari la mbio kwa watu wa kipato cha kati, si kwa matajiri wakubwa tu, kilikuwa na sababu nzuri ya kuchunga kila sehemu ya maili.

Ndipo Corvette ya mwaka 1989, ilipopewa sanduku jipya la gia sita, ilipowekewa kizuizi cha ajabu. Dereva akiwa ameondoka polepole kwa gia ya kwanza, injini ikiwa imekwisha kupata moto na mwendo ukiwa kilomita 25 au 30 kwa saa, njia ya gia ya pili hujifunga. Mkono wake, ukivuta mti wa gia kama kawaida, husukumwa pembeni na kuingizwa katika gia ya nne. Injini huzama, gari huguna, dereva hutukana. Katika maabara hakuna wa kutukana, na kwa kuwa kanuni za kipimo ziliruhusu gia zifuatwe kama gari lilivyoelekeza, kuruka kutoka ya kwanza hadi ya nne kuliokoa petroli ya kutosha kusaidia gari liikwepe kodi.

Wenye magari walifanya nini? Wengi walinunua kifaa kidogo cha bei ndogo, wakakichomeka chini ya gari katika waya wa kizuizi, na kizuizi kikafa. Wengine hawakununua kitu, ila waligundua kwamba kizuizi hakifungi ikiwa pedali ya mafuta imekanyagwa vya kutosha. Kwa hiyo chombo kilichowekwa ili kupunguza petroli kiliwafundisha watu kukanyaga mafuta zaidi kila walipoondoka penye taa. Kulaumu kiwanda peke yake si haki, wala kulaumu serikali peke yake. Serikali ilitaka tarakimu, kiwanda kikaitoa, mnunuzi akaifurahia katika karatasi na kuing'oa katika gari. Wote watatu walipata walichokitaka. Hewa ilipata kilo 2.3 za kaboni dioksaidi kwa kila lita iliyoungua, iwe imehesabiwa au haikuhesabiwa.

Ulaya haikuwa na haki ya kuwacheka Wamarekani. Kipimo kilichotumika huko mpaka mwaka 2017 kilimtaka dereva wa maabara achukue sekunde 26 kulifikisha gari kilomita 50 kwa saa, na jaribio zima, la kilomita 11, lilikuwa na wastani wa kilomita 34 kwa saa. Corvette ile ya 2014 hufika karibu kilomita 100 kwa sekunde nne hivi. Kuipima kwa mwendo wa sekunde 26 ni sawa na kumpima mlevi kwa kiasi anachokunywa msikitini. Baraza la kimataifa la usafiri safi, liitwalo ICCT, lililinganisha tarakimu za viwanda na hesabu za watu waliotia petroli kwa fedha zao. Likaona kwamba tofauti baina yao, iliyokuwa asilimia 9 hivi mwaka 2001, ilifika asilimia 42 mwaka 2015, na hiyo ni kwa magari ya kila namna. Kipimo kipya kilichofuata ni kirefu zaidi na kina mwendo wa hadi kilomita 131 kwa saa. Hata hivyo Tume ya Ulaya ilitangaza mwaka 2024 kwamba magari ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa mwaka 2021 yalikuwa yakizidi kipimo hicho kwa asilimia 20 hivi barabarani.

Nyingi ya injini mpya zimezidisha jambo hili. Injini ndogo yenye turbo hula kidogo mguu ukiwa mwepesi. Ukikanyaga, hewa husukumwa ndani kwa nguvu, moto huzidi, na katika injini nyingi petroli ya ziada humiminwa ili kuupoza moto huo usichome vyuma. Petroli hiyo haisukumi gari hata hatua moja.

Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Top Gear kilifanya jambo lililowachukiza wengi waliojiona wema. Toyota Prius, gari lililosifiwa kwa kula kidogo, liliendeshwa katika uwanja wa majaribio kwa kasi yote liliyokuwa nayo. Nyuma yake ikafuata BMW M3 yenye injini ya lita 4 na silinda nane, isitakiwe jambo jingine ila isiachwe. Prius ilikwenda maili 17.2 kwa galoni ya Kiingereza, M3 ikaenda 19.4. Yaani Prius ilitumia lita 16 na zaidi kwa kilomita 100, na M3 chini ya lita 15. Watu wa mzaha walisema imethibitika kuwa gari la mbio ni jema kwa dunia. Haikuthibitika hivyo. Mjini, katika msongamano, Prius hukusanya nguvu ya breki na kuzima injini, ilhali M3 husimama ikinguruma na kula petroli bila kwenda popote. Lakini jaribio lile lilionyesha kwa macho kitu ambacho karatasi ya kiooni haiwezi kukionyesha, kwamba mguu uliokandamiza pedali hadi chini huweza kuigeuza juu chini orodha yote ya viwanda.

Na mguu katika gari la mbio huitwa kila saa. Nguvu za farasi 455, zikitumika zote, huhitaji zaidi ya lita mbili za petroli kwa dakika moja, na tangi la lita 70 lingekwisha kwa muda wa nusu saa. Barabarani hakuna anayeweza kuzitumia zote kwa zaidi ya sekunde chache, lakini sekunde chache mara arobaini kwa siku zina hesabu yake. Tena magari haya aghalabu hutolewa kwa safari fupi. Injini baridi hula zaidi, na kabla haijapata moto sawasawa gari limekwisha kurudishwa bandani. Anayetaka kujua kweli hujaza tangi hadi juu, huandika kilomita, huendesha kama azoeavyo, kisha hujaza tena na kugawanya. Kufanya hivyo mara moja hakutoshi. Mara kumi hutoa jibu. Wapo wanaodai kwamba kuhesabu petroli katika gari la mbio ni ubahili usiolingana na chombo, kama mtu kwenda karamuni na mizani. Dai hilo ni jepesi. Aliyejua raha yake yagharimu lita ngapi akailipa ni mtu huru zaidi ya yule anayegombana na kiwanda kila mwezi kwa tarakimu ambayo mguu wake haujapata kuijaribu.

Tangu Januari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya imeagiza kila gari jipya la petroli au dizeli litunze ndani yake hesabu ya petroli yote lililokula na kilomita zote lilizokwenda tangu litoke kiwandani, na fundi aweza kuisoma kwa chombo chake. Tarakimu hiyo haibandikwi kiooni. Lakini mnunuzi wa gari la mbio lililokwisha kutumika, akienda na fundi huyo, aweza kujua kabla ya kutoa fedha mguu wa mwenye kwanza ulikuwa mzito kiasi gani, hata kama mwenyewe aapa kuwa alikuwa akilitoa siku za mapumziko tu, tena polepole.