Bustani ya Jeevanjee na Barabara ya Muindi Mbingu

Msafiri atokaye Machakos kwenda Nairobi hushuka katika kituo cha mabasi kinachoitwa kwa jina la mji wake. Akipanda kuelekea katikati ya jiji atafika penye miti mirefu, ukubwa wake ekari 5 hivi, nayo ni Bustani ya Jeevanjee. Upande mmja wa bustani hiyo inapita barabara ya Muindi Mbingu, na mtu wa Ukambani hana budi kusimama hapo kidogo.

Mwaka 1938 serikali ilitwaa kwa nguvu ng'ombe wa watu wa Ngelani, karibu na Machakos, ikisema kwamba mifugo imezidi na udongo unachukuliwa na maji. Kwamba udongo ulikuwa ukiharibika ni kweli; lakini ng'ombe waliuzwa kwa bei duni, na wenyewe hawakuulizwa. Basi mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walikwenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko wiki kadhaa pasipo fujo. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu, walakini amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu iliachwa mwaka ule ule.

Bustani yenyewe ni ya zamani zaidi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyi biashara aliyezaliwa Karachi, ndiye aliyewapa wakazi wa Nairobi mahali hapa, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyofunuliwa mwaka 1906 na mwanawe Malkia, Mtawala wa Connaught. Sanamu hiyo iliharibiwa mwaka 2015. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga jengo kubwa na maegesho ya magari juu ya bustani. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliupinga hadharani, na Wangari Maathai akawa pamoja naye, mpango ukafa.

Wengi wasikiapo habari za wanyama wa Nairobi hufikiri simba wa mbuga iliyotengwa mwaka 1946 kando ya jiji. Hapa hakuna simba, bali atazamaye juu hakosi kitu. Mwewe huzunguka wakingoja masazo ya chakula, na ni wepisi hata mtu hushtuka mkate umekwisha kwenda. Kunguru wa hapa ni mwenye kifua cheupe, si yule wa kijivu aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890. Kwarara naye hulia asubuhi kama mtu aliyeibiwa. Mwezi wa Oktoba mijakaranda huangusha maua ya zambarau mpaka njia hazionekani.

Adhuhuri makarani huja kula, wahubiri hupaza sauti, na wengine huketi kubishana juu ya mambo ya nchi katika baraza waliloliita Bunge la Mwananchi. Asiye na nauli ya kurudi hulala kivulini, wala hakuna amwondoaye.