Alishinda kura akiwa jela

Wasee, kila wiki kuna mtu kwa inbox ananiambia nichunge mdomo, siasa sio ya watoto walioacha chuo. Sawa. Leo naongea juu ya Matthew Lyon.

Alizaliwa Ireland 1749. Alifika Marekani akiwa kijana tu, hana hata nauli ya meli, ikabidi ailipe kwa kufanyia watu kazi miaka kadhaa. Inasimuliwa kwamba mkataba wake uliwahi kubadilishwa na mafahali wawili. Baadaye akahamia Vermont, akaanzisha mji wa Fair Haven, akajenga kiwanda cha chuma na cha karatasi, akakaa bunge la Vermont miaka mingi. 1797 akaingia Kongresi.

Hakuwa malaika, lazima niseme. Januari 1798 alimtemea mbunge mwenzake, Roger Griswold, mate usoni, mle mle Kongresi. Wiki mbili baadaye Griswold akamrukia na bakora, Lyon naye akashika koleo la moto. Noma!

Lakini mate hayakumfunga. Kilichomfunga ni maandishi. Julai 1798 chama cha Rais John Adams kilipitisha sheria ya kuadhibu wanaoandika vibaya kuhusu serikali. (Hata sisi Kenya tulikuwa na sheria ya uchochezi, ikafutwa 1997.) Lyon alikuwa ameandika barua kwamba Adams anapenda fahari na sifa za kijinga. Aliiandika Juni, kabla sheria ipite, gazeti likaichapisha baadaye. Haikumsaidia: miezi 4 jela na faini ya dola 1,000.

Sasa hapa ndipo nampenda. Alitupwa seli ya baridi huko Vergennes na hakunyamaza, aliendelea kuandika barua. Na watu wa Vermont, wakulima wa kawaida tu, wakamrudisha Kongresi kwa kura akiwa bado ndani. Ushujaa wake tunausifu, lakini mimi nawawazia zaidi hao wapiga kura. Mtu anaweza kupiga kelele peke yake mpaka achoke. Wao ndio walifanya jela ionekane kazi bure.

Adams alishindwa uchaguzi wa 1800. Jefferson na Burr wakatoka sare, uamuzi ukaenda kwa wabunge, na Februari 1801 kura ya Vermont iliyompa Jefferson ilipigwa na, eeh, Lyon.

Alikufa 1822. Ile faini Kongresi iliirudisha kwa familia yake 1840, na riba juu.