Wapiga Mbizi wa Año Nuevo

Kutoka San Francisco tulishika Barabara Namba 1 kwenda kusini, bahari mkono wa kulia, hadi hifadhi ya Año Nuevo. Ilikuwa Januari, msimu wa sili-tembo kuzaa, na msimu huo haingii mtu bila kiongozi. Wetu alikuwa mama wa makamo anayejitolea, kila mara akitukumbusha tukae futi 25 mbali nao.

Tulipokewa na harufu, kisha ngurumo za madume. Kila dume ana mdundo wake, na wenzake humtambua kwa huo. Kuwaona, kusema kweli, kulinivunja moyo: miili imelala ovyo mchangani, dume mmoja tani mbili, pua inaning'inia. Mmoja alijikokota kidogo, akatweta, akalala tena.

"Msidanganyike," mama yule alisema. Baharini, huyuhuyu huzama mita 400 hadi 800 kwa dakika 20 na zaidi, akaibuka dakika mbili tatu, akarudi chini, usiku na mchana, miezi nenda miezi rudi. Wapo waliopimwa wakipita mita 1,500. Mimi nimekulia Tanga, ambako wapiga mbizi wa pweza hujaza kifua kabla ya kuzama. Sili-tembo hutoa pumzi kwanza! Akiba yake ya oksijeni imo kwenye damu na misuli. Moyo hupunguza mapigo, mapafu hujikunja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliwavisha vifaa vya kupima ubongo, na mwaka 2023 walieleza kwamba baharini hulala kama saa mbili tu kwa siku, kwa vipande vya dakika kumi hivi, huku wakishuka gizani kama jani linaloanguka.

Hata hivyo, kwangu mimi kufunga kwao kunaizidi mbizi. Jike hunyonyesha karibu mwezi mzima bila kula, kwa maziwa ambayo zaidi ya nusu ni mafuta, na mtoto wa kilo 35 hufika 130 hivi. Dume hufunga hata miezi mitatu, na bado anapigana. Mafuta hayohayo ndiyo yaliyowaponza: karne ya 19 walichinjwa kwa ajili ya kuwashia taa, wakabaki pungufu ya mia kisiwani Guadalupe, Mexico. Wote tuliokuwa tukiwatazama ni uzao wa hao.

Nikamuuliza kiongozi wetu, jike akishaondoka, nani humfundisha mtoto kuzama.

"Hakuna," alijibu, akatuhimiza tusogee. Kundi jingine lilikuwa nyuma yetu.