Kudiliti na kurudi: somo la seva nililolipatia Kwamkoro

Najua nimeadimika. Kuna walionitumia meseji wakidhani nimedisko. Sijadisko jamani, nilikuwa nyumbani Kwamkoro, na kule ukitaka network unapanda kilima nyuma ya nyumba unainua simu juu kama mtu anayeomba mvua.

Kwanza tuwekane sawa, maana kila nikisema natoka Usambara mtu anadakia "aah, Lushoto!" Hapana. Lushoto ni Usambara Magharibi. Sisi tuko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Unapita Zigi, unapanda kona kona mpaka Amani, halafu ndo unaingia kwetu kwenye chai na msitu. Babu yangu alikuja huko kutoka Njombe akiwa kijana, kuchuma chai, akabaki. Alimalizia kazi akiwa karani wa mizani, yule anayepima majani na kuandika daftarini kilo za kila mchumaji.

Leo naandika kitu ambacho sikukiweka kwenye ripoti yangu ya PT.

PT nilifanyia ofisi moja, jina naliacha. Ofisi yenyewe ina seva mbili tu za chuma, lakini ndani yake zinaishi seva saba. Wa kompyuta mmeshaelewa, wa sheria na sosholojia vumilieni kidogo nitaeleza. Moja kati ya hizo saba ilibeba mfumo wa stoo: nini kimeingia, nini kimetoka, nani kachukua. Aliyekuwa anaingiza data ni mama mmoja wa makamo, mtu wa kuja asubuhi na chupa yake ya chai na kunimiminia na mimi kikombe. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu.

Siku moja msimamizi wangu akasema tunafanya apdeti kwenye seva ya stoo, chukua snapshoti kwanza. Nikachukua. Apdeti ikaenda vizuri, tukapongezana, tukasahau. Snapshoti ikabaki pale pale. Siku ya 12, msimamizi hayupo, seva ikaanza kulalamika kuwa diski inakaribia kujaa. Nikachungulia nikaona mchawi ni ile snapshoti, kila siku inanenepa. Nikafungua menyu, ya Kiingereza kama kawaida. Kuna chaguo la kudiliti snapshoti, na kuna chaguo la kurudi kwenye snapshoti.

Hapo ndo penyewe. Nikajisemea, kudiliti ni kufuta, na mimi nani hata nifute kitu cha watu? Kurudi je? Neno lina upole. Mtu akirudi si amerudi tu? Ikaniuliza una uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Mnaojua mmeshashika vichwa. Siku 12 za kazi ya yule mama zikapotea. Bakapu? Pale ofisini watu waliamini snapshoti ndiyo bakapu, na bakapu ya kweli ilikuwa ya zamani mno.

Asubuhi mama akaniita, mwanangu mbona vitu vyangu sivioni? Nikamwambia, "Mama, ni tatizo la mfumo." Nikaongeza na Kiingereza kingi, mara datastoo, mara delta, mpaka akanyamaza. Akatoa faili lake la risiti akaanza kuandika upya tangu siku ya kwanza. Ilimchukua wiki nzima, akibaki mpaka saa kumi na mbili jioni. Mimi nimekaa meza ya pili naangalia. Chai aliendelea kunipa.

Msimamizi nilimwambia ukweli. Alinifokea vya kutosha, halafu akasema tumekosea wote, na yeye kwa kuisahau. Alama akanipa. Lakini yule mama hakuna aliyemwambia.

Basi, PT ikaisha, nikapanda gari la Muheza kwenda nyumbani.

Jioni moja tumekaa jikoni, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, babu akaniuliza, "Mume mwenzangu, hebu nieleze. Huko chuoni huo mkopo wa serikali unausomea nini hasa?" Nikasema nasomea kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta. Zinaitwa mashine pepe.

Bibi akageuka kutoka motoni. "Pepo tena? Mume wangu, Dar wamekupeleka wapi?"

"Si pepo bibi, ni pepe, kama barua pepe. Ipo, inafanya kazi, ila huwezi kuishika."

"Sasa hiyo si ndo pepo yenyewe," akasema bibi. Tulicheka mpaka nikapaliwa na ugali.

Nikaamua kumweleza babu bila Kiingereza hata neno moja. Wadau, ndo nikagundua mambo niliyopatia B+ siyajui! Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo ya kuandikia barua tuna maneno yake. Chumba cha seva mimi sikuwa na maneno. Ikabidi nitafute yale ambayo babu anayo tayari. Tulikwenda jioni tatu, na haya ndiyo tuliyotoka nayo.

Mwenyeji na mgeni. Seva ya chuma, yenye RAM, prosesa na diski za kushikika, ndiyo mwenyeji. Mashine pepe ni wageni wake. Mgeni anaamini ana nyumba yake peke yake, ana prosesa yake, ana Windows au Linux yake, hata jirani hamwoni. Babu akauliza, "Na mwenyeji akianguka?" Nikasema wageni wote wanaanguka naye. Ndiyo maana wenye uwezo wanaweka wenyeji kadhaa pamoja, tunaita klasta, ili mmoja akifa wageni wake wawashwe upya kwa mwenzake. Sikilizeni vizuri, wawashwe upya. Sio kwamba hawatazimika. Hilo nililikosa kwenye test.

Mnyapara. "Sasa nani anawagawia?" babu akauliza. Yupo, anaitwa haipavaiza, programu inayokaa kati ya chuma na wageni, inampa kila mmoja zamu yake ya prosesa na fungu lake la RAM. Babu akasema, "Huyo ni mnyapara." Na kweli, neno lenyewe maana yake ni msimamizi wa wasimamizi: kila mgeni ana msimamizi wake ndani, na haipavaiza iko juu yao wote. Kazi hii si ngeni, IBM waliifanya kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. Kwenye seva za kawaida ndo ikaja kuenea baada ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, kisha Xen mwaka 2003 na KVM kuingia ndani ya Linux mwaka 2007. Kuna mnyapara anayekaa juu ya chuma moja kwa moja, kama ESXi, na kuna anayepanga chumba ndani ya Windows yako, kama VirtualBox mnayoweka kwenye laptop kwa ajili ya lab.

Kugawa kuliko kilichopo. Mwenyeji ana RAM ya GB 64, wageni wameahidiwa jumla ya GB 80. Inawezekanaje? Babu hakushangaa hata kidogo. Enzi zao kambini, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku walilalia kitanda kimoja. Hakuna shida, mpaka siku boila ya kiwanda ikiharibika wote wakarudi kulala saa moja. Ndivyo hivyo hivyo. Wageni wote wakitaka RAM yao siku moja, seva inaanza kukopa diski, na diski ni pole, kila kitu kinatambaa.

Kiolezo na kloni. Hapa babu ndo alinifundisha mimi. Chai ya kloni inapatikana kwa kukata vipandikizi vya mti mama mmoja na kuviotesha kitaluni, yote inatoka sawasawa. Kiolezo ni huo mti mama: umeshaiweka Linux vizuri, huifanyii kazi, unaitunza tu ili uzalishe nyingine. Babu akaonya, "Mti mama ukiwa dhaifu kwa ugonjwa, shamba zima ni dhaifu." Nikafikiria kiolezo chenye paswedi mbovu, mashine 40 zimetoka humo, nikaona mzee anastahili shahada.

Kuhama bila kuzima. Mgeni anatolewa kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine huku anafanya kazi. RAM yake inanakiliwa kidogo kidogo, kilichobadilika kinanakiliwa tena, mpaka kinabaki kiasi kidogo sana, ndo anasimamishwa kufumba na kufumbua na kuamkia upande wa pili. Bibi akasema ni kuhama na sufuria motoni. Sina cha kuongeza.

Jioni ya tatu tukafika kwenye snapshoti.

Nilianza vibaya. Nilimwambia babu ni kama kumpiga mashine picha. Akauliza, "Picha ya ng'ombe ukiichana, ng'ombe anakufa?" Nikasema hapana. "Sasa kwa nini uliogopa kuifuta?" Nikakosa jibu. Kwa sababu sio picha! Ikabidi nifikirie upya kinachotokea kwenye diski, na macho yangu yakatua kwenye daftari lake la zamani ambalo bado analitunza.

"Babu, chukulia daftari lako. Siku ya snapshoti, daftari linafungwa, halisomwi ila kwa kuangalia tu. Kuanzia hapo kila kitu kipya kinaandikwa kwenye karatasi za pembeni, na kadiri siku zinavyokwenda karatasi zinajaa meza. Ndo maana diski ilikuwa inajaa. Kudiliti snapshoti ni kunakili zile karatasi ndani ya daftari, halafu karatasi unatupa. Hakipotei kitu."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni kuchana karatasi, na kubaki na daftari kama lilivyokuwa siku lilipofungwa."

Babu akakaa kimya. Moto unalia tu. Halafu akasema, "Kwa hiyo ulichana karatasi za mtu za siku kumi na mbili."

Nikasema ndiyo.

Akanisimulia kuwa mwaka mmoja mvua iliingia kwenye kibanda cha mizani ikalowesha kurasa mbili za daftari. Wachumaji walikuwa wanalipwa kwa kilo. Yeye angeweza kusema ni mvua, na kweli ilikuwa mvua, lakini daftari ni yeye aliyeliacha dirishani. Akapita nyumba kwa nyumba kambini kuwaambia ni mimi niliyeliacha, niambieni kilo zenu, nami nitawaamini. "Wengine waliongeza kilo," akasema. "Nikaandika hivyo hivyo." Kisha akauliza, "Huyo mama ulimwambia nini?"

Sikuweza kumjibu. Wadau, "tatizo la mfumo" ukilisema jikoni kwa babu linasikika uongo mtupu.

Kurudi chuo nilipitia kwanza ile ofisi. Mama alikuwa mezani kwake. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu, mbona ghafla? Nikamweleza kwa Kiswahili, daftari na karatasi, na kwamba aliyechana ni mimi, na kwamba nilimdanganya. Akanitazama kidogo, akasema, "Mimi nilijua ni wewe. Ulikuwa huniangalii usoni." Halafu akasema wiki ile mwanae alikuwa anaumwa, na yeye anabaki ofisini mpaka jioni kuandika upya. Hakusema kwa hasira, alisema tu. Hilo sikulijua. Niliomba radhi, akapokea. Nikaondoka bila chai, na ni sawa.

Kwa hiyo mnaokwenda PT mwakani, snapshoti si bakapu, maana karatasi na daftari viko meza moja, meza ikiungua vyote vimeungua. Msiikalishe siku nyingi, VMware wenyewe wanashauri isizidi saa 72. Kwenye Hyper-V mtaikuta inaitwa chekpointi, msibabaike, ni kitu kile kile. Na kabla ya kubonyeza neno lolote kwenye seva ya watu, jaribu kumweleza bibi yako linafanya nini. Ukishindwa, toa mkono kwenye kipanya.

"Datastoo" nimeiita ghala, ila bibi anasema ghala ni la mahindi. Mwenye neno bora anitafute, nipo hosteli.

Naomba kuwasilisha.