Mto Barcoo wa Australia

Watu wengi hudhani ya kuwa kila mto mwisho wake ni bahari. Katika nchi ya Australia uko mto usiofika baharini kamwe, na jina lake lina habari.

Mwaka 1846 Sir Thomas Mitchell, mkuu wa wapima ardhi wa New South Wales, alifika ndani sana, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Queensland. Huko aliona mto ulioshika njia ya kaskazini-magharibi. Kwa kuwa alikuwa akitafuta kwa hamu mto wa kumfikisha bahari ya kaskazini, akasadiki ya kwamba ameupata. Akaupa jina la Malkia Victoria, akarudi Sydney na habari njema. Hakuufuata hata mwisho.

Mwaka uliofuata alitumwa Edmund Kennedy, mpima ardhi pia, aufuate. Baada ya safari ndefu mto ukageuka! Uliiacha njia ya kaskazini, ukaelekea kusini-magharibi katika nchi kavu, ukagawanyika mikondo mingi hata ikawa shida kutambua mto wenyewe ni upi. Kennedy akafahamu ya kuwa maji hayo huenda kuungana na yale ambayo Charles Sturt aliyaita Kijito cha Cooper mwaka 1845, kwa heshima ya hakimu mmoja wa Adelaide. Sturt hakuyaita mto, kwa sababu aliyakuta yamesimama.

Basi jina la Malkia likaondoka. Kennedy alishika jina alilolipata kwa wenyeji, Barcoo, nalo limedumu hata leo. Nadhani ilifaa wenyeji waulizwe tangu mwanzo, maana waliishi kando ya maji hayo tangu kale.

Barcoo ukiisha kukutana na mto Thomson, jina hubadilika kuwa Kijito cha Cooper. Watu wa huko hucheka, wakisema kwao mito miwili huzaa kijito. Lakini mvua ikizidi, kijito hicho hutanda kilometa nyingi kwa upana. Kiangazi husalia madimbwi tu. Maji mengi hunyewa na jua na mchanga. Katika miaka michache ya gharika hufika ziwa la chumvi lililo chini ya usawa wa bahari kwa mita 15 hivi. Wazungu waliliita Eyre. Tangu mwaka 2012 serikali huliandika Kati Thanda–Lake Eyre, jina la wenyeji likitangulia.