Miezi Miwili

Mama yangu anauza vitunguu. Ananunua kwetu Tanzania, anavusha, anauza Kenya. Januari moja alizuiwa mpakani, akaambiwa alipe ushuru. Akatoa cheti cha uasilia, kile chepesi wanachopewa wafanyabiashara wadogo ambao mzigo wao hauzidi dola 2,000. Ofisa akakitazama, akamrudishia. Mama akalipa. Vitunguu havingoji watu wamalize kubishana.

Alinisimulia kwa simu, nikampa pole, nikarudi kusoma. Wiki hiyo tulikuwa na kesi ya Costa, yule Mwitaliano aliyegoma kulipa bili ya umeme isiyofika lira 2,000. Kwa bili hiyo ndogo, mwaka 1964, Mahakama ya Ulaya ilitamka kwamba sheria ya Jumuiya iko juu ya sheria ya taifa. Nilipigia mstari sentensi nzima kwa kalamu nyekundu. Mama hata sikumkumbuka. Naona aibu kuliandika hili.

Aprili tukafika nyumbani: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa 1999. Ibara ya 8 inasema, kwa mambo ya Mkataba, sheria za Jumuiya zinatangulia za nchi. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kuanzia mahakama za kwao. Mkazi yeyote! Nikatoka darasani nikapiga simu.

“Mama, unaweza kuwashtaki.”

“Nani, yule ofisa?”

“Nchi yake.”

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei ya debe.

“Mwanangu, umekula?”

Niliporudi kwenye kiti, mwalimu alikuwa kwenye kifungu kidogo cha pili: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee, au tangu mlalamikaji akijue. Na Mahakama haina huruma na tarehe. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Februari. Machi. Aprili.

Jioni nikampigia tena kumwambia tumechelewa, na kwamba siku nyingine adai stakabadhi.

“Stakabadhi ninayo,” akasema. “Nimeifunga kwenye pindo la khanga tangu siku ile.”

Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Arusha ni shilingi ngapi.