Kishungi Hajafa, Amefumba Macho Tu

Muheza,
14 Mei

Mume wangu Salumu,

Masika yamenyesha mpaka kisima cha jirani kimefurika, na mbu ndio usiseme. Picha ya kuku Kishungi uliyoituma kwenye simu ya mjomba wako nimeiona, tena nimevaa miwani. Ningekupigia, lakini kwenye simu unajibu “ndiyo bibi, ndiyo bibi” kisha unasahau. Barua utairudia.

Hiyo ni ndui ya kuku, si kideri. Mama yako akisema achinjwe, mwambie bibi amekataa. Kuku wa kideri anaharisha kijani, anapinda shingo, anashusha mabawa, wala hafi peke yake; siku chache tu banda linabaki manyoya. Kishungi ana wiki nzima anaugua na bado ananyoosha shingo akisikia debe la pumba.

Ndui nayo haina dawa, nisikudanganye. Ni kirusi, mbu ndio wanaokisambaza, na kuku wakidonoana kinapita. Baada ya wiki tatu, nne, kinakwisha chenyewe. Ila kuku wengi wenye ndui wanauawa na njaa. Vigaga vinaziba macho, kuku haoni chakula wala maji, anajikunyata pembeni, anakufa hatua mbili kutoka kwenye sahani yake. Watu wanasema ndui imemuua.

Kwa hiyo mtenge kwenye boksi, mahali pakavu, umfunike kwa kile chandarua cha zamani. Ziba matundu kwanza. Asubuhi na jioni chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi, acha yawe vuguvugu. Mfunge Kishungi kwenye khanga, mabawa ndani, kichwa nje, umpakate. Loweka pamba, iweke juu ya jicho, usisugue. Hesabu polepole mpaka mia. Kigaga kikilainika, ukope utaachia. Usaha utakaotoka ufute. Kisichotoka kiache.

Usibandue, Salumu. Mimi nilibandua. Nilikuwa na umri kama wako, nikamkwangua mtetea wa marehemu mama yangu vigaga vyote kwa kucha, kisha nikampaka mafuta ya taa kwa kuwa niliona watu wakifanya hivyo. Jicho likaharibika. Akapona ndui, ila alibaki chongo, na kila nilipopita upande wake mbaya alishtuka akaruka. Mama hakunichapa. Alinikabidhi bakuli la pumba, akasema huyu sasa ni wako mpaka afe. Aliishi miaka minne.

Chakula: songa uji mzito wa dona uchanganye na dagaa waliosagwa, ufinyange vitonge kama punje ya harage. Mguse kwa kimoja ncha ya mdomo, atafungua mwenyewe. Maji usimmiminie kooni hata kidogo, maana tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Utamzamisha mikononi mwako. Chovya ncha ya mdomo kwenye kikombe, mwache ainue kichwa ameze. Kabla ya kulala, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo, upande wa kulia. Kikiwa kimejaa kama limau, nenda kalale. Kikiwa kimesinyaa, washa taa umlishe tena.

Mchungulie na mdomoni. Ukiona utando wa njano, naye anakoroma mdomo wazi, ndui imeingia ndani. Hapo usiningoje mimi, mfuate afisa mifugo siku hiyo hiyo. Umwombe pia awachanje ndui wale wazima, wanachomwa kwenye ngozi ya bawa. Baada ya wiki hivi patavimba kidogo, ndipo ujue chanjo imeshika. Na vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini kwa mama yako usimpe. Kirusi hakisikii dawa hiyo, na ikiingia kwenye mayai yake, atayala nani?

Watu watakucheka. Atatokea wa kukwambia bei ya kuku huyo haifiki bei ya chandarua. Ni kweli haifiki. Wewe endelea kulisha.

Ndui hii haiwapati watu, lakini nawa mikono kwa sabuni kabla hujaenda kwa wale wengine. Vigaga vikidondoka viokote uvichome, kirusi kinaweza kukaa humo miezi. Ukimkuta anadonoa mwenyewe, usimrudishe bandani bado. Subiri kisibaki kigaga hata kimoja.

Kisha nitumie picha siku jicho la kushoto litakapofunguka. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Bibi yako,
mke wako wa kwanza